Jiko la wazi, jiko la kufungwa au jiko la uani: lipi linafaa nyumba yako?

Watu wengi wakianza kuwaza nyumba iweje ndani wanaanza na sebule. Sofa rangi gani, ukuta wa tivii upambwe na nini, jipsamu ishuke ngazi ngapi, pazia za aina gani. Jiko linaachiwa fundi, "hapa tutaweka jiko", basi imeisha. Halafu mkishahamia ndo mnagundua jiko ndo limeamua mambo yote mengine: sebule inanuka nini saa saba mchana, mgeni akikaa anaona nini, nani anabaki peke yake huko nyuma wenzake wakiangalia taarifa ya habari, na feni zinawaka saa ngapi kwa siku.

Kwa hiyo hapa naanza na jiko. Kama uko kwenye ramani sasa hivi, au unakarabati nyumba ya urithi, au unachagua kati ya apatimenti mbili za kupanga, kwa mazingira yetu chaguzi ni tatu kubwa. Kuna jiko la wazi, lile wanaloita openi kicheni, ambalo limeungana na sebule na sehemu ya kulia. Kuna jiko la ndani lenye kuta zake na mlango wake. Na kuna jiko la uani, la nje kabisa au la kupakana na nyumba kwa nyuma. Kila moja lina watu wake, na kila moja lina watu linaowatesa kila siku.

Kwanza, watu wa fani wanafikirije

Wabunifu wana njia ya kufikiri ambayo d.school ya chuo cha Stanford kule Marekani iliisambaza sana kuanzia miaka ya 2000, ina hatua tano: mwelewe anayekitumia kitu, litaje tatizo lenyewe, mwaga mawazo mengi, tengeneza mfano wa haraka haraka, ujaribu. Ukiisikia hivo unaweza kudhani ni maneno ya semina tu, ila hatua ya kwanza peke yake ingeokoa nyumba nyingi sana za Dar, maana wengi wetu tunaanzia hatua ya tatu, tena kwa mawazo ya picha za Instagram za nyumba ambazo mle ndani hajawahi kukaangwa changu hata siku moja.

Mfano mzuri ni wa Ujerumani, mwaka 1926. Msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko dogo la nyumba za bei nafuu za mji wa Frankfurt, mita 1.9 kwa 3.4 hivi, na alilichora kwa kupima hatua za mpishi, kutoka sinki hadi jiko, jiko hadi meza ya kulia iliyoko chumba cha pili kupitia mlango wa kusukuma pembeni. Yaliwekwa kwenye nyumba kama elfu kumi hivi. Kazi safi. Lakini malalamiko yakaja, na yalikuwa ya haki: jiko lile lilimfikiria mwanamke mmoja anayepika peke yake. Wakiingia wawili wanagongana, na mtoto hana pa kukaa.

Sasa hebu fikiria jiko la kwetu siku ya Iddi au Krismasi. Mama yupo, shangazi yupo, dada wa kazi yupo, wasichana wawili wanachambua mchele, na kuna mtu amekuja kuonja tu. Kanuni ya yule msanifu (angalia watu kwanza) ni ileile, ila ukiifuata kwa watu wetu jibu linatoka tofauti kabisa.

Na wazee wetu nao waliifuata bila kuipa jina. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni, ile yenye baraza mbele, korido katikati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma, jiko imelipeleka uani kwa sababu zinazoeleweka: moshi wa mkaa, joto, na wanawake wapate mahali pao wasionekane kutoka mtaani. Lamu kwenye nyumba za mawe jiko mara nyingi linawekwa juu kabisa, darini, moshi na joto vipae juu viende zake. Hata ule wembamba wa vyumba vya Lamu haukuwa mapambo, boriti za mikoko zinazobeba dari zina urefu wake, chumba hakiwezi kupanuka zaidi ya karibu mita tatu, basi watu wakakirefusha badala ya kukipanua. Ndo hivo mambo ya ndani ya nyumba yanavyoamuliwa: na vifaa, hali ya hewa, mila, mfuko na idadi ya watu. Rangi ya sofa inakuja baadaye sana.

Tutayapima kwa vigezo gani

Nimechukua mambo matano, na majiko yote matatu nayapitisha humohumo.

La kwanza ni moshi, harufu na joto. La pili ni hewa na mwanga. La tatu wageni na faragha, hili nalipa uzito mkubwa kuliko majarida ya nje yanavyolipa, maana kwetu mgeni hapigi simu, anabisha hodi. La nne ni kazi yenyewe ya mpishi, yaani umbali, urefu wa kaunta, nafasi. La tano ni pesa, usafi na usalama kwa pamoja.

Kitu kimoja kinachogusa yote matatu niseme mapema: upande wa nyumba. Kwa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, kaskazi (Desemba hadi Machi hivi) inavuma kutokea kaskazini mashariki, na kusi (kuanzia Aprili mpaka Septemba) inatokea kusini na kusini mashariki. Maana yake upepo mwingi wa mwaka unatokea upande wa Bahari ya Hindi, yaani mashariki, na jiko likiwa upande wa magharibi harufu inatoka nje moja kwa moja bila kupita vyumbani. Tatizo ni kwamba magharibi ndo kuna jua la kuanzia saa tisa, na hiyo ndo saa ambayo mtu anaanza kuinjika cha jioni. Kwa hiyo ukiliweka magharibi liwekee upenu mrefu, au kibaraza, au mti, la sivyo umemtoa mtu kwenye harufu ukamtia kwenye tanuri.

Jiko la wazi

Tuanze na sifa yake maana linastahili. Kwenye hewa na mwanga hakuna la kulishinda kwa nyumba ndogo. Ukitoa ukuta mmoja, mwanga wa dirisha la jiko unafika sebuleni, upepo unaoingia mbele unatokea nyuma, na nyumba ya vyumba viwili inaonekana pana bila kuongeza tofali. Nyumba nyingi ndogo zina giza katikati mpaka taa inawashwa mchana, na jiko la wazi linalitibu hilo.

Moshi na harufu ndo deni lake. Mafuta ya kukaangia hayapotei, yanapanda na mvuke na kwenda kukaa kwenye pazia, kwenye kitambaa cha sofa, kwenye panga za feni, na baada ya mwaka ukipitisha kidole juu ya fremu ya picha unakuta utando unaonata. Watu wanasema weka hudi, kile kivuta moshi kinachokaa juu ya jiko. Sawa, ila hudi ziko aina mbili na madukani hawakwambii mpaka uulize: kuna inayotoa hewa nje kwa bomba na kuna inayovuta hewa, inaichuja kwa chujio la kaboni halafu inairudisha humohumo ndani. Hii ya pili inapunguza harufu kiasi lakini joto na unyevu vinabaki sebuleni na wewe. Kama unataka ya kwanza, mwambie fundi aache tundu la bomba ukutani kabla ya plasta, maana kutoboa baada ya marumaru kubandikwa ni vumbi na hasira.

Wageni sasa. Kuna familia jiko la wazi limezirudishia raha, anayepika anaongea na wageni, anamwona mtoto anafanya homuweki, hakosi stori. Kuna familia limekuwa mateso. Mgeni anaingia anaona sinki limejaa vyombo vya jana. Baba mkwe anakuja ghafla na wewe uko na kanga moja unageuza chapati. Kwa nyumba za Waislamu wanaozingatia sitara hili ni zito zaidi, maana akiwepo mgeni wa kiume asiyekuwa maharimu (ndugu wa karibu asiyeweza kumuoa), mwanamke itabidi apike amejifunika mbele ya moto, kwenye joto la Februari la Dar linalopita nyuzi 30. Mbunifu asiyeuliza swali hili kwa sababu anaona aibu kuuliza hajafanya kazi yake.

Kwenye kazi, kaunta inageuka meza ya chai na watoto wanapenda, ila hesabu kitu ambacho watu hawakihesabu: ukitoa ukuta umetoa pia makabati ya juu ambayo yangening'inia kwenye ukuta huo. Vyombo vinaenda wapi? Halafu kelele. Blenda ikiwaka taarifa ya habari imeisha. Kinu na mchi sahau kabisa, juu ya marumaru unapasua sakafu, na kama uko ghorofa ya tatu jirani wa chini atapanda kukuuliza.

Pesa watu wanadhani limeokoa kwa sababu hakuna ukuta na mlango. Kuta unazookoa ni kidogo, sasa jiko linaonekana na kila mtu kwa hiyo makabati lazima yalingane na sebule, kaunta lazima iwe graniti au kitu cha kufanana nayo, hudi lazima, na kama una eisii unapoza sebule na jiko kwa pamoja huku jiko linapasha. Bili yake utaiona.

Linamfaa nani: mtu au wanandoa wanaopika vitu vyepesi, wenye watoto wadogo wa kuangaliwa, wasio na wageni wengi wa ghafla, wanaotumia gesi au umeme tu. Na linafaa sana mikoa ya baridi! Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto, mwezi wa sita na wa saba joto la jiko kuingia sebuleni ni neema. Tahadhari moja tu kwa huko: joto la gesi wakati unapika ni sawa, lakini usiingize jiko la mkaa ndani ukafunga madirisha upate joto la kulalia. Gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, watu wanalala hawaamki.

Jiko la ndani la kufungwa

Hili ndo la nyumba nyingi za miaka ya 80 na 90, na apatimenti nyingi za zamani za Upanga na Kariakoo. Vijana wanalidharau, mimi naona linadharauliwa kwa sababu mengi yalijengwa vibaya, sio kwa sababu wazo ni baya.

Harufu inabaki jikoni, hiyo ndo kazi ya mlango. Lakini moshi na joto navyo vinabaki, kwa hiyo raha ya sebule inalipwa na anayepika. Kama chumba kina dirisha moja dogo juu ya sinki na mlango unafungwa, hewa haina pa kuingilia na pa kutokea. Hewa inahitaji matundu mawili yanayotazamana, au angalau kuta mbili tofauti. Na aina ya dirisha ni muhimu kuliko ukubwa wake. Dirisha la alumini la kusukuma, hili ambalo kila nyumba mpya inalo, hata ulifungue lote linafunguka nusu tu kwa sababu kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Luva za zamani zilikuwa zinapitisha hewa karibu eneo lote. Kwa sebule chagua unachopenda, kwa jiko mimi ningerudisha luva, au dirisha la kufungua kama mlango, na wavu wa mbu juu yake.

Kingine, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka chini na kukaa sakafuni, haipandi dirishani. Kwa hiyo jiko la kufungwa lenye mtungi ndani lazima liwe na tundu la hewa chini, karibu na sakafu, lenye wavu. Bora zaidi mtungi ukae nje kwenye kijumba chenye matundu na mpira au bomba lipite ukutani. Jiko la wazi lina nafuu hapa kwa sababu ya ukubwa wa eneo, lakini sio sababu ya kulala.

Wageni na faragha, hapa ndo linang'aa. Unafunga mlango, vyombo vichafu havimhusu mtu. Bei yake ni upweke, anayepika anakuwa mbali na wenzake, na kama kila siku ni mtu yuleyule hilo linajenga kinyongo polepole. Dawa ipo na ni ya bei ndogo: dirisha la kupitishia chakula kwenye ukuta unaopakana na sehemu ya kulia, sentimita 90 kwa 60 hivi, lenye mlango wa kusukuma. Siku ya kawaida liko wazi mnaongea, mgeni akija linafungwa. Ajabu mafundi wa zamani walikuwa wanaliweka bila kuambiwa, siku hizi unaliomba wanakushangaa.

Kazi ya mpishi inaweza kuwa nzuri kuliko majiko yote hapa, ukipima vizuri. Kaunta ya kawaida ina kina cha sentimita 60. Ukitaka kaunta pande mbili na watu wawili wapishane bila kusukumana acha mita 1.2 katikati, kwa hiyo upana wa ndani ni mita 2.4. Ramani nyingi ninazoona zina jiko la mita 2 kamili, hapo unapata kaunta pande mbili na njia ya sentimita 80, yaani mmoja akifungua oveni mwingine amefungiwa. Na friji, sinki na jiko visiwe mbalimbali sana, jumla ya umbali kuvizunguka vyote vitatu kati ya mita 4 na 8 inatosha.

Urefu wa kaunta nao. Wanakwambia sentimita 90, na kwa kukatakata mtu wa wastani inafaa. Lakini kusonga ugali wa watu wanane kwenye sufuria iliyo juu ya jiko lililo juu ya kaunta ya 90? Mikono inapanda mpaka kifuani, huna nguvu ya kukandamiza mwiko, na sufuria inayumba. Ndo maana kina mama wengi wana jiko zuri la plati nne na bado ugali wanasongea chini. Kama nyumba yenu ni ya ugali, mwambie fundi kipande cha kaunta kinachobeba jiko kishuke, sentimita 65 au 70, mpime kwa mtu anayesonga mwenyewe, sio kwa fundi.

Pesa iko katikati: ukuta, mlango, na marumaru ya ukutani, lakini makabati yanaweza kuwa ya kawaida kwa kuwa hakuna anayeyaona. Linamfaa mwenye wageni wengi, familia inayopika mara tatu kwa siku, na mtu mwenye nyumba ya ghorofa au kiwanja kisicho na ua.

Jiko la uani

Kwa moshi na joto linaonekana limeshinda kabla ya mchezo kuanza, na kwa nyumba yenyewe ni kweli, nyumba inabaki baridi na safi. Lakini kwa mpishi inategemea limejengwaje. Wengi wanajenga kibanda cha tofali, tundu moja juu, mlango wa bati, kuni ndani. Hicho ni chumba cha moshi kilichohamishwa tu kutoka ndani kwenda nje. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa kupikia majumbani ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020, na wanaokaa kwenye moshi huo kwa saa nyingi zaidi ni wanawake na watoto wao wadogo. Jiko la uani lenye maana lina kuta zisizopita kiunoni angalau pande mbili, paa lililoinuka, na kama ni kuni basi bomba la moshi. Makuti yanapendeza na yanapoza, ila juu ya moto wa kuni ni hatari, mabati yaliyoinuliwa juu vya kutosha ni salama zaidi.

Hewa na mwanga hamna la kusema, unapikia mchana wa kweli.

Wageni: jiko la uani lina ulimwengu wake. Wageni rasmi wako sebuleni, na wageni wa moyo wanapita pembeni moja kwa moja hadi uani, wanavuta kigoda, wanachambua mboga na wewe, na soga zote za maana zinafanyikia hapo. Ramani ya kisasa ikilifuta jiko la uani inafuta na hicho kikao, na mara nyingi mchoraji hajui amefuta nini.

Kwenye kazi lina mambo ambayo mengine hayawezi. Kinu kinatwangwa chini. Mbuzi ya kukunia nazi inapata mahali pa kukaa. Sufuria la pilau la kilo kumi linapanda juu ya mafiga. Msiba ukitokea au arobaini, huhangaiki. Ila siku za kawaida ni miguu: chumvi iko ndani, sahani ziko ndani, friji liko ndani, na unarudi mara ya nne kwa ajili ya kijiko. Masika ya Machi hadi Mei unabeba mchuzi kwenye mvua. Usiku unatoka nje peke yako. Kwa hiyo likijengwa lishikane na nyumba au liwe na kipenu cha kupita, taa, sinki lenye maji, na rafu yenye mlango wa wavu kwa viungo na vyombo vya kila siku. Hivyo vinne visipokuwepo litaachwa, utakuta dada amehamishia jiko la mkaa kwenye korido.

Pesa: kujenga ni rahisi, hakuna jipsamu wala makabati ya maana. Linakula kiwanja, na panya na paka wanalipenda. Moshi wake pia unaenda kwa jirani, kwa viwanja vyetu vya kubanana hilo ni kesi ya mwenyekiti wa mtaa.

Halafu kuna suala la kesho. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya watu kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 na 15 imeshajaa hata vijijini. Kama mkaa ukipungua nyumbani kwako, jiko la nje unalitumia kwa nini? Mimi naona kwa kinu, samaki, na shughuli bado lina kazi. Ila lichore ili likichoka ligeuke sehemu ya kufulia, yaani maji na mtaro viwepo tangu mwanzo.

Linamfaa mwenye ua, familia kubwa, wapishi wa biashara ndogo kama vitumbua na maandazi, na nyumba ambazo wageni wa dini na ukoo hawakatiki.

Na mseto je?

Najua kuna mtu anasema si nijenge yote, la wazi la kupendeza ndani na la kufanyia kazi nje. Wengi wanafanya hivo na kama mfuko unaruhusu ni jibu zuri. Ila kuwa mkweli, ukishakuwa na mawili, moja litakuwa la kweli na jingine la kuchemshia chai. Basi pesa iende kwenye lile la kweli. Kuweka graniti kwenye jiko la chai huku anayepika kila siku amekaa kwenye kigoda kwenye giza nyuma ya nyumba, hapo mmebuni nyumba ya kupigia picha, sio ya kuishi.

Jaribu kabla hujainua kuta

Kwa anayejenga: jamvi (sakafu ya zege ya chini) likishakauka chukua chaki chora jiko lote kwa vipimo halisi. Panga maboksi au tofali mahali pa sinki, friji na jiko. Mlete anayepika, sio mwenye hela tu, aigize kupika wali na mchuzi mwanzo mpaka mwisho, na mtu mwingine apite nyuma yake. Makosa mengi ya ramani yataonekana papo hapo, na kufuta chaki ni bure.

Kwa anayepanga: nenda kuangalia nyumba saa za kupika, sio saa nne asubuhi. Fungua madirisha yote, washa kijiti cha udi jikoni, uone moshi unaelekea wapi. Ukija sebuleni au chumbani, umeshapata jibu ambalo dalali hawezi kukupa.

Na kwa wote, wiki moja kabla ya kuamua andikeni: nani anapika, saa ngapi, nini, wageni wangapi waliingia bila taarifa, na walikaa wapi.

Kwa hali yako

Unakaa peke yako au wawili, apatimenti, gesi ya plati mbili, samaki unanunua waliokwisha kaangwa: chukua la wazi, hakikisha hudi inatoa nje au dirisha liko mita moja tu kutoka kwenye plati.

Mna watoto chini ya miaka sita na hamna msaidizi: la wazi, au la kufungwa lenye dirisha la kupitishia. Macho yafike sebuleni. Kaunta ipite kati ya mtoto na moto.

Nyumba ya sitara, wageni wa kiume wengi, au wakwe wanaokuja bila hodi: la kufungwa lenye mlango wake wa kutokea uani, mpishi asilazimike kukatiza sebuleni.

Kuna mzee nyumbani au mtu wa kiti cha magurudumu na anapenda kuingia jikoni: achana na la uani lenye ngazi, milango iwe sentimita 90, na kipande kimoja cha kaunta kiwe chini na wazi kwa chini magoti yaingie.

Familia ya watu nane, kiwanja kina ua, nazi inakunwa na ugali unasongwa: la uani lililoshikana na nyumba, ndani weka pembe ndogo ya chai na dawa za usiku.

Nyumba ya baridi ya Nyanda za Juu Kusini: la wazi, gesi au umeme, matundu ya hewa yasizibwe.

Umepanga na jiko ni la kufungwa na ni tanuri: usivunje ukuta wa mtu. Muombe mwenye nyumba ruhusa ya eksosti feni juu ya dirisha, toa mlango kwenye bawaba uweke pazia la shanga au kitambaa kizito, hamisha mtungi nje kama kuna kibaraza.

Unajenga ili upangishe kwa familia tofauti tofauti ambazo huzijui: jenga la kufungwa, ukuta wa upande wa sebule usibebe paa wala nguzo isipite humo, na usipitishe bomba la maji wala nyaya ndani yake. Mpangaji wa baadaye akitaka la wazi mtautoa kwa siku moja.